Siku Tulizonitafuta kwenye Mahindi

Mama yangu alikuwa msusi, na alijua vichwa. Nywele kila msusi anazijua, hilo si la kujivunia. Mama alijua vichwa vyenyewe, kila kimoja na uzito wake na joto lake, kwa sababu alikuwa na namna yake ya kusuka. Mteja alikaa chini kwenye mkeka, mama akakaa nyuma yake juu ya kigoda, na kichwa kikalazwa kwenye paja lake kama mtoto anayelala. Alisuka huku anaongea na watu wengine, hatazami mikono. Majirani zetu wa Lizaboni, mtaa wa mjini Songea, walipenda kumjaribu. Walimfunga macho kwa kanga, wakamletea mtu kimyakimya, naye akakishika kichwa kwa viganja viwili, akakipima kama anayechagua papai sokoni, halafu akamtaja mwenyewe. Sikuwahi kumwona akikosea.

Ndiyo maana Jumamosi ile, aliposimamisha chanuo katikati ya mstari na kusema, "Hiki si kichwa cha mwanangu," hakuna aliyecheka. Aliyekuwa amelala pale pajani nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nywele zilizokuwa zikinyolewa kwa amri ya shule zilikuwa zimeota za kutosha kushikika. Mama alikuwa amezingoja kwa hamu miaka saba yote. Jumamosi za mwanzo tulikuwa tunacheka pale mkekani, ananisuka mtindo wa twende kilioni, anafumua, anasuka upya, ananifundisha kuvuta mstari bila kumliza mtu. Kisha mvua zikaanza, na mimi nikaumwa ugonjwa ambao sikuwa na jina lake.

Naomba nisiulizwe chanzo. Watu hupenda sana chanzo, wanadhani ukiwapa chanzo umewapa dawa. Walitaka kujua kama nimefiwa, kama kuna mvulana, kama ni kwa sababu sikuchaguliwa kwenda sekondari. Sikuchaguliwa, kweli, lakini karibu darasa zima halikuchaguliwa, na wenzangu walikuwa wanauza maandazi na kupiga soga. Mimi nilikuwa nimezimika tu. Ugali ulikuwa na ladha ya kitu ambacho mtu mwingine ameshakitafuna. Maneno ya watu niliyaelewa, lakini yalinifikia yamechelewa, kama unapomwona mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka linashuka, halafu baadaye ndipo unasikia. Kuoga ilikuwa kazi. Kujibu ilikuwa kazi. Sikulia hata mara moja. Ningeweza kulia ningefurahi.

"Kimekuwa chepesi," mama alisema siku ile, akiwa bado amekishika. "Kimepungua, kimepoa. Mwanangu akilala hapa mguu unakufa ganzi. Huyu sijui ni nani." Alinisogeza taratibu, akainuka, akaenda kunawa mikono. Nilibaki mkekani na kichwa kilichosukwa nusu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ushirika ulikuwa umedorora, kiwanda cha tumbaku alichofanyia kazi baba kilikuwa kimepunguza watu na yeye akiwemo, mitumba ilikuwa imefurika sokoni, na watu tuliowajua kwa kuja kuazima chumvi walikuwa na malori ya mahindi. Huko Mshangano, nje kidogo ya mji, mashamba yalitanuka ghafla. Ulipita Jumatatu ukakuta pori, ukapita wiki ya pili ukakuta matuta yamenyooka, na hukumwona mtu akilima. Basi watu wakajijibu wenyewe. Wanaolima ni misukule, walisema, watu waliochukuliwa na wachawi, wanalishwa pumba na kulimishwa bila kusema neno, huku ndugu zao nyumbani wamezika mgomba wakidhani wamezika mtu.

Mama hakusubiri mazishi. Aliamini kwamba mimi nimechukuliwa nikiwa hai, niko kwenye shamba la tajiri fulani nashika jembe, na kilichobaki nyumbani kwake ni ganda.

Baba hakuamini mambo hayo, au tuseme hakuyaamini mchana. Alinipeleka hospitali. Wakanitoa damu kidoleni, wakasema ni malaria, wakanipa klorokwini, nami nikawashwa mwili mzima siku tatu kama niliyelala kwenye upupu. Baba akamwita mama aje aone ninavyojikuna. "Ganda linawashwa?" alimuuliza. Mama akajibu kwamba yeye si mtaalamu wa maganda.

Hakunitesa. Ningependa hilo lieleweke, maana nikisimulia habari hii watu huanza kumchukia. Alifanya jambo baya zaidi: alinistahi. Aliacha kunituma. Kwetu binti asiyetumwa maji, asiyefokewa, asiyeulizwa alikuwa wapi, huyo ni mgeni au ni maiti. Nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Salama, umeamkaje," kama anayejibu mtu wa rika lake aliyepita njiani. Kila mlo alipakua chakula kwenye sahani yangu ya bati yenye ua jekundu, akaifunika, akaiweka juu ya kabati. Hiyo ilikuwa ya mwanawe, kwa siku atakayorudi. Mimi nilipewa bakuli la wageni, na akanikaribisha: "Karibu chakula, jisikie nyumbani." Nilikula polepole nikitazama chakula changu kinapoa kule juu. Jioni kuku walimwagiwa chakula hicho.

La kutisha ni kwamba nilianza kumwamini. Mama hakosei vichwa, hilo mtaa mzima ulilijua. Nilichukua kioo cha baba cha kunyolea ndevu, nikajitazama, na uso uliokuwa mle ukanitazama kwa adabu, kama mtu anayengoja atambulishwe. Nikafikiri: labda kweli niko Mshangano. Labda ndiyo maana nachoka hivi bila kufanya kazi. Kuna mwenzangu anayelima.

Nikatize hapa kidogo. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimesoma sekondari ya kulipia na kuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilipelekwa kwenye semina kuhusu afya ya akili ya vijana. Daktari aliyetufundisha alitundika shuka jeupe ukutani, akatuonyesha picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine, za kijivu, zimekatwa vipande kama mkate. Alisema watafiti wamelinganisha picha za vijana wengi wenye sonona, ile huzuni iliyogeuka ugonjwa, na picha za wenzao wasioumwa, na wameona tofauti. Kwa baadhi yao, lile tabaka la nje la ubongo halina unene uleule kila mahali. Sehemu ndogo zilizo ndani kabisa, zinazoshughulika na kumbukumbu na hofu, zinaweza kuonekana zimepungua kidogo. Neno "kidogo" alilirudia. Tofauti hizo huonekana ukiwaweka vijana wengi pamoja, alisema, lakini picha ya mtoto mmoja huwezi kuinyooshea kidole ukasema huyu anaumwa na yule mzima. Tena hawajajua vizuri kama ugonjwa ndio unaoleta tofauti, au tofauti ndiyo inayoukaribisha ugonjwa, kwa sababu ubongo wa umri ule bado unajengwa, fundi hajashuka paani.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliuliza kama mashine hiyo inaweza kuletwa shuleni ipime darasa la saba kabla ya mtihani. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na nilihisi viganja vya mama pande zote mbili za kichwa changu, wazi kabisa, mpaka nikageuka kutazama nyuma. Wakati wa chai nilimfuata daktari pembeni. Nilimuuliza kama kuna mtu anayeweza kuhisi tofauti hiyo kwa mkono. Alinitazama kwa huruma. Fuvu ni mfupa, alisema, hakuna kiganja kinachopenya mfupa. Nilijua atasema hivyo. Lakini mama alikuwa amesema kimepungua, na alisema bila mashine yoyote, kwenye kigoda, mikono ikiwa na mafuta ya mgando.

Turudi Lizaboni. Mwezi wa pili mama alianza kunitafuta. Aliondoka asubuhi baada ya mteja wa kwanza, akarudi adhuhuri na matope mpaka magotini. Kisha siku moja alisimama mlangoni kwangu, akasema kwa adabu ileile: "Kama hutachoka, naomba unisindikize."

Alikuwa amepata wazo kwamba ganda likiachiwa litamfuata mwenyewe. Kwa hiyo alinitanguliza. Penye njia panda alisimama nyuma yangu bila kunielekeza, akaangalia miguu yangu itageukia wapi. Miguu yangu haikuwa na habari. Iligeukia popote penye mteremko, kwa sababu mteremko ni nafuu. Mama alitikisa kichwa kana kwamba ameambiwa jambo, akanifuata.

Mahindi yalikuwa yameshanipita kimo. Asubuhi za msimu ule ukungu ulishuka kutoka milima ya Matogoro ukakaa juu ya mashamba, na ulipoondoka liliingia jua jeupe lisilo na kivuli, na kimya. Mama alisimama pembeni ya shamba akaita jina langu la nyumbani, lile nililopewa na bibi, ambalo shuleni hawakulijua. Aliliita kama unavyomwita mtoto aje kula. Alinyamaza, akasikiliza. Majani yalisuguana. Tulisogea hatua thelathini, akaita tena. Watu wa baiskeli walipita wakatusalimia.

"Mnamtafuta nani, mama?"

"Mwanangu."

"Pole sana. Mtampata."

Na mimi nimesimama pale, nimebeba dumu la maji ya kunywa.

Siku ya tatu sauti ilimkauka. Alijaribu, ikatoka hewa tupu. Akanigeukia. "Jaribu wewe," alinong'ona.

Nilikuwa sijapaza sauti tangu mvua zianze. Nilifungua kinywa nikajiita. Nilishangaa jinsi sauti ilivyotoka safi, sauti ya binti mzima, ikapita juu ya mahindi ikaenda mbali. Nikajiita tena. Na kutoka ndani ya shamba, mbele kidogo upande wa kushoto, msichana akaitika.

"Abee!"

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na kinachonitia hofu hadi leo ni kwamba sikushtuka. Niliona ni haki. Nimeitwa, nimeitika, basi.

Mahindi yaligawanyika, akatoka. Alikuwa wa kimo changu, ameshika jembe, gauni la mitumba limepasuka kwapani, miguu myekundu kwa udongo. Alipiga goti, akasema shikamoo. Mama hakuitikia. Alikaa chini palepale kwenye tuta, akamvuta mkono, akakilaza kichwa chake kwenye paja. Msichana hakupinga, baadaye aliniambia alidhani mama anataka kumtazama chawa. Alikuwa amelima tangu kabla ya jua. Akasinzia papo hapo, mdomo wazi, na kichwa kikazama kwenye kanga ya mama. Mama akakishika kwa viganja viwili, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka maji ya dumu yakapata joto mkononi mwangu.

"Kizito," alisema. Halafu akaanza kulia. "Ndiye."

Tulirudi Lizaboni watatu. Msichana alipewa sahani yenye ua jekundu, ikafunuliwa mbele yake, akala mpaka akalamba vidole. Alipewa gauni langu la Jumapili. Alipewa upande wa ukutani wa kitanda, uliokuwa wangu. Na kuanzia kesho yake alitumwa. "Wewe, maji! Wewe, moto unazimika, unatazama nini?" Alifokewa asubuhi hadi jioni, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikasikiliza kufokewa kwangu.

Baba aliporudi kutoka kuhangaikia kibarua alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alimuuliza msichana maswali, na msichana akajibu yote bila kuficha. Alitoka vijijini huko Tunduru. Mama yake alikuwa amefariki, shangazi akamleta Songea, akamwacha kwa tajiri mwenye shamba. Vibarua walilala kwenye banda katikati ya mahindi na walianza kazi gizani ili jua likiwaka wawe kivulini, ndiyo maana wapita njia hawakuwaona.

"Na jina ulilokuwa unaitwa ni lako?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Tajiri hajui majina yetu, anaita lolote linalomjia. Ukisikia sauti unaitika tu, la sivyo unakosa chakula."

Baba akamgeukia mama. "Umesikia? Huyu ni mtoto wa watu."

"Wanafundishwa kusema hivyo," mama alisema. Msichana aliposema bismillahi kabla ya kula, mama alisikitika tu kwamba mwanawe amesahau ishara ya msalaba.

"Na huyu?" baba akaninyooshea mkono. "Huyu naye ni nani?"

Mama alinitazama. Hakuwa na chuki. Alikuwa na wasiwasi wa mwenye nyumba ambaye mgeni wake amekaa siku nyingi na hajui amwambieje. Baba akavaa kofia yake, akatoka nje.

Sasa nitasema lililokuwa moyoni mwangu, maana wako watoto wanaolihisi leo na hakuna anayewauliza. Nilifarijika. Nafasi yangu ilikuwa imejazwa na mtu anayeiweza, anayekula, anayekimbilia maji, anayecheka mama akifoka. Mama alikuwa amepata mwanawe. Kilichozidi pale nyumbani kilikuwa mimi, na kitu kilichozidi huondolewa. Niliamua kwenda Matogoro, nipande mpaka kwenye msitu, na nisirudi. Sikuona huzuni yoyote katika uamuzi huo. Nilijiona kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

Yule msichana alikuwa ananiangalia. Siku moja mchana tulikuwa tunachambua maharage nyuma ya nyumba, yaani yeye anachambua na mimi nimeshika ungo. Akasema bila kuinua uso, "Dada, wewe si ganda."

Nilitazama ungo.

"Mama yangu alikuwa hivi hivi. Alikaa tu. Tukasema amerogwa, tukasema ameshatoka, huyu siye. Tukawa tunaongea mambo yetu mbele yake. Kumbe hakutoka. Alikuwa humohumo ndani anatusikia."

Maneno yalichelewa kama kawaida. Yalipofika nikamuuliza, "Ulijuaje?"

"Siku ile kabla hajaenda mtoni alinishika mkono," alisema. Akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage, akaendelea kuchambua.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana niliosha bakuli la wageni, nikalifunika juu ya meza. Mama alikuwa mkekani na mteja. Sikutaka kuondoka bila kuaga, nililelewa vizuri.

"Mama, natoka kidogo."

"Haya," alisema. "Karibu tena."

Nilienda. Mchana ulikuwa umetakata, milima ya Matogoro inaonekana mti kwa mti. Njia ilikuwa ya kupanda na miguu haikulalamika, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Nilipita watu wakipalilia karanga, wakanisalimia, nikawaitikia. Nyumba ziliisha. Nilianza kusikia baridi ya msitu ikinijia usoni, na kimya kilichokuwa kichwani mwangu na kimya kilichokuwa kule mbele vikawa kitu kimoja.

Nikasikia jina langu. Liliitwa nyuma yangu, kwa sauti iliyokauka. Sikugeuka. Nilikuwa nimezoea kusikia jina lile likiitwa na kujua anayeitwa ni mwingine. Likaitwa tena, karibu zaidi, halafu nikasikia miguu peku ikipiga njia, na mkono ukanidaka juu ya kiwiko.

Alikuwa mama. Kanga ilikuwa imemdondoka njiani, mikono imejaa mafuta ya nywele, kifua kinapanda na kushuka. Alinitazama usoni kwa muda. Sijui aliona nini. Kisha akafoka.

"Nani kakutuma huku? Eh? Nani kakutuma? Maji hayajachotwa, vyombo vimejaa nzi, nimemwacha mtu na kichwa nusu, na wewe unapanda milima kama mbuzi! Nyumbani! Tangulia mbele yangu, nyumbani!" Akanipiga kofi la mgongo lililosikika mpaka kwenye karanga.

Hakuna aliyekuwa amenigusa kwa wiki nyingi. Nililia njia nzima, kwa sauti, kamasi mpaka kidevuni, na mama alifoka njia nzima. Tulipofika tulimkuta msichana kwenye kigoda, anajaribu kummalizia yule mteja, ameharibu mistari yote. Ndiye aliyekuwa amemwambia mama nimekwenda wapi. Alikuwa ameniona nikilifunika bakuli, kisha nikishika njia ya Matogoro.

Sikupona siku hiyo. Wanaosema machozi huponya hawajaumwa. Baba alinipeleka hospitali nyingine, ya misheni, ambako mtawa aliyekuwa muuguzi aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: unalala, unakula, unatamani kufa? Hilo la mwisho nilijibu ndiyo, mbele ya mama. Mtawa aliandika, akauliza swali lililofuata. Nilipewa vidonge na nikaambiwa nirudi kila wiki, na kila wiki mama alinipeleka, tukitembea sambamba. Mwezi wa saba, kwenye ile baridi ya Songea inayouma masikio, nilisikia harufu ya kitunguu kinakaangwa nikataka kula. Msichana alikaa kwetu miaka miwili kwa jina lake mwenyewe, baba alihakikisha hilo, kisha akarudi kwao akaolewa. Hadi leo hutuletea korosho.

Mama sasa ni mzee na vidole vimepinda, hasuki tena. Niliporudi kutoka semina ile nilikwenda Lizaboni nikamweleza habari za picha za ubongo. Ninakiri nilikwenda na hasira. Nilikuwa nimeibeba miaka yote hiyo, na sasa nilikuwa na daktari upande wangu. Nilimweleza kwamba ulikuwa ugonjwa, kwamba uko kwenye ubongo, kwamba hakuna aliyenichukua kwenda popote. Nilitaka aniombe radhi.

Alisikiliza huku akipuliza uji. "Kwa hiyo kilikuwa kimepungua," alisema.

"Mama, haishikiki kwa mkono! Hata daktari haioni kwa mtoto mmoja!"

"Nimekusikia."

Nje mtu alikuwa anagonga bati. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza, kuhusu siku ile njiani Matogoro. Nilitaka kujua aliona nini usoni kwangu kilichomwonyesha kwamba ni mimi.

"Sikuona kitu," alisema.

"Lakini ulinifokea."

"Yule mtoto aliniambia uko humohumo ndani. Sikumwamini. Nilikimbia tu. Nilipokushika, mkono ulikuwa wa baridi, na macho yalikuwa yaleyale, ya mtu nisiyemjua. Nikasema, awe nani awe nani, huyu halali msituni. Huyu narudi naye nyumbani." Alikunywa uji kidogo. "Na mtu unayerudi naye nyumbani utamwambia nini? Unamfokea."

Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote juu ya siku ile, nikiamini kwamba pale njiani mama yangu alinitambua.

"Basi ulijua lini, mama?" nikamuuliza. "Kwamba ni mimi?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, amekunja uso, kama anayetafuta mahali alipoweka kitu.

"Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa nimeshakuzoea."